Hadhira na Filamu Zisizofuata Kaida: Upokezi wa Renaldo and Clara (1978) na I'm Not There (2007)

Tarehe 25 Januari 1978 filamu ya Renaldo and Clara ilianza kuoneshwa katika miji ya New York na Los Angeles. Ilikuwa na urefu wa karibu saa nne. Mwongozaji wake alikuwa Bob Dylan, mwanamuziki aliyekuwa tayari anajulikana dunia nzima, na ndani ya filamu hiyo yeye hakuigiza kama Bob Dylan. Jina hilo alipewa mwanamuziki mwingine, Ronnie Hawkins, mtu mnene mwenye ndevu asiyefanana naye hata kidogo. Mnamo Septemba 2007, karibu miaka thelathini baadaye, filamu ya I'm Not There iliyoongozwa na Todd Haynes ilioneshwa katika Tamasha la Filamu la Venice. Humo Dylan amegawanywa kwa waigizaji sita, mmoja wao akiwa mwanamke na mwingine mtoto mweusi wa miaka kumi na moja, na hakuna mhusika anayelitamka jina lake.

Wazo la msingi ni moja katika filamu zote mbili: mtu huyu hawezi kusawiriwa kwa sura moja, na anayetaka kumwonesha hana budi kumgawa kwa wengine. Ya kwanza ilibezwa na wahakiki wengi, ikakosa watazamaji na kuondolewa kwenye majumba ya sinema. Ya pili ilirudi kutoka Venice na Tuzo Maalumu ya Baraza la Waamuzi, ambayo iligawanywa kati yake na filamu ya Abdellatif Kechiche, pamoja na tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa Cate Blanchett. Makala hii inachunguza sababu za tofauti hiyo. Jibu la haraka ni kwamba filamu ya Haynes ni bora zaidi, na jibu hilo lina ukweli wake. Hata hivyo halitoshi, kwa kuwa halielezi kwa nini watazamaji wa 2007 waliyavumilia, na hata kuyafurahia, mambo yaleyale yaliyowakera wenzao wa 1978. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kati ya miaka hiyo miwili hadhira yenyewe ilibadilika: mambo iliyoyajua, mambo iliyoyadai, na mtu iliyekuwa ikimdai.

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kuizungumzia hadhira kama mshiriki wa utendaji. Fanani anapotamba hadithi, hadhira huitikia, huuliza, huguna, hucheka, na mara nyingine humsahihisha. Sinema huukata uhusiano huo, kwani anayetazama hana wa kumjibu. Majibu yake hulazimika kupita njia nyingine: dirisha la tiketi, mlango wa kutokea, safu za magazeti, na baadaye nakala zinazopitishwa mkono kwa mkono. Njia hizo hazina uzito sawa mbele ya mwanahistoria. Mhakiki wa gazeti huacha maneno, ilhali mtazamaji aliyelipa kiingilio na kuondoka baada ya saa moja na nusu huacha tarakimu tu. Katika suala la Dylan, hata hivyo, ipo faida moja ya nadra. Kabla ya filamu hizi, hadhira yake ilikwisha kurekodiwa ikimjibu ana kwa ana.

Hadhira Iliyorekodiwa

Jioni ya tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la muziki wa jadi la Newport, Marekani, Dylan alipanda jukwaani akiwa na gitaa la umeme na bendi nyuma yake. Alikuwa na umri wa miaka 24, na watu waliokusanyika pale walimjua kwa gitaa la kawaida, harmonika na nyimbo za kupinga dhuluma. Sehemu ya umati ilimzomea. Kwa nini ilimzomea ni jambo ambalo bado linabishaniwa. Wapo walioshuhudia kwamba watu walichukizwa na umeme. Wapo wanaosema vyombo vya sauti vilikuwa vibovu na maneno hayakusikika. Wengine wanasisitiza kuwa umati ulikasirika kwa sababu bendi ilipiga nyimbo tatu tu kisha ikashuka. Watu waliosimama uwanja mmoja usiku mmoja wametoa ushuhuda unaopingana, na kanda za sauti zilizopo hazikuumaliza ubishi. Tukio hili linapaswa kumpa tahadhari yeyote anayedai kujua hadhira fulani ilihisi nini.

Tukio la pili liko wazi zaidi. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Uingereza, mtazamaji mmoja alipaza sauti na kumwita Dylan "Yuda!" Dylan alimjibu kwamba hamwamini, akamwita mwongo, kisha bendi ikaanza kupiga kwa kishindo. Rekodi ya usiku huo ilizagaa kwa miaka mingi bila idhini, tena ikiwa na jina la ukumbi mwingine, Royal Albert Hall wa London. Ilipotolewa rasmi mwaka 1998 jina hilo la makosa liliachwa jaladani ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa mashabiki walikwisha kulizoea.

Neno alilolichagua mtu wa Manchester linastahili kutazamwa kwa makini. Yuda hakuwa mwimbaji mbaya. Yuda alikuwa rafiki wa karibu aliyeuza alichoaminiwa. Lawama hiyo haikuhusu ubora wa muziki hata kidogo, ilihusu umiliki. Aliyepiga kelele aliamini kwamba Dylan alikuwa na deni kwa watu waliompandisha, na kwamba kubadilika bila ruhusa yao kulikuwa ni kulikana deni hilo. Dai hili ndilo lililohamia kwenye majumba ya sinema miaka kumi na miwili baadaye.

Ziara hiyo ya 1966 ilipigwa picha na D. A. Pennebaker, aliyekuwa amekwisha kuipiga ziara ya mwaka uliotangulia na kuitoa kama dokumentari ya Dont Look Back mwaka 1967. Safari hii, hata hivyo, Dylan aliamua kuzihariri picha mwenyewe akiwa na Howard Alk. Matokeo yake, Eat the Document, yalikataliwa na kituo cha televisheni cha ABC kilichokuwa kimeyaagiza, kwa maelezo kwamba mtazamaji wa kawaida asingeielewa. Ni filamu fupi, na haina uzito mkubwa katika mjadala huu isipokuwa kwa jambo moja: humo tayari zinaonekana mbinu za mkato wa ghafla, mazungumzo yasiyofika mwisho na nyimbo zinazokatizwa. Mtu aliyeiona asingeshangazwa sana na filamu ya 1978. Lakini walioiona walikuwa wachache mno.

Saa Nne za Mwaka 1978

Renaldo and Clara ilipigwa picha wakati wa ziara ya Rolling Thunder Revue mwishoni mwa 1975, ambapo Dylan na kundi la wanamuziki, washairi na marafiki walizunguka miji ya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuingia Kanada. Mwandishi wa tamthilia Sam Shepard aliajiriwa aandike mazungumzo, lakini sehemu kubwa iliigizwa papo kwa papo. Filamu ina nyuzi tatu zinazopishana bila tangazo. Upo muziki wa jukwaani, ambao Dylan anauimba akiwa amepaka uso rangi nyeupe. Upo ushuhuda wa mambo halisi: mwanamuziki David Blue anasimulia historia ya mtaa wa Greenwich Village huku akicheza mashine ya michezo, Allen Ginsberg na Dylan wanasimama kwenye kaburi la Jack Kerouac mjini Lowell. Tena upo mchezo wa kubuni, ambamo Dylan ni Renaldo, mkewe Sara ni Clara, na Joan Baez ni Mwanamke wa Mavazi Meupe anayeingia kati yao. Filamu inadaiwa kiasi fulani na Les Enfants du paradis, filamu ya Kifaransa ya 1945 kuhusu waigizaji na mapenzi yao, ambayo nayo ina mwigizaji mwenye uso mweupe.

Mapokezi yalikuwa makali. Gazeti la The Village Voice liliwapa kazi wahakiki zaidi ya mmoja kuijadili, na hukumu yao ikawa mbaya. Pauline Kael wa The New Yorker, aliyekuwa miongoni mwa wahakiki wenye sauti kubwa kuliko wote nchini humo, aliiponda. Malalamiko yalijikusanya mahali patatu: urefu, kukosekana kwa uzi wa hadithi, na majivuno ya mtu anayejipiga picha mwenyewe kwa saa nne. Hata walioilaumu vikali waliyasifu maonesho ya jukwaani. Baadaye mwaka huohuo ikatolewa nakala iliyopunguzwa hadi takriban saa mbili, ikibakiza zaidi muziki. Hatua hiyo ni ushahidi mzuri wa upokezi kuliko uhakiki wowote, kwa sababu inaonesha msanii mwenye mamlaka yote juu ya kazi yake akikubali kukata kile ambacho hadhira ilikikataa, yaani ule mchezo wa sura na majina, na kuiachia ilichokuwa tayari inakipenda. Nakala fupi nayo haikufua dafu.

Ni rahisi kusema leo kwamba wahakiki wa 1978 hawakuelewa. Maelezo hayo hayawatendei haki. Filamu ni ndefu kupita kiasi, na zipo sehemu ambazo waigizaji wanazungumza bila kujua wanachokitafuta. Kuna sababu nyingine, hata hivyo, ambayo wahakiki wenyewe waliigusa bila kuitaja waziwazi. Dylan na Sara walitalikiana mwaka 1977, miezi michache kabla ya filamu kutoka. Mwaka 1975 albamu ya Blood on the Tracks ilisikilizwa na wengi kama maungamo ya ndoa inayovunjika, na mwaka 1976 albamu ya Desire ilikuwa na wimbo wenye jina la Sara lenyewe. Mtazamaji aliyenunua tiketi Januari 1978 aliwaona kwenye kiwambo kimoja mume, mke aliyeachana naye, na Joan Baez, ambaye mapenzi yake na Dylan ya miaka ya mwanzo ya 1960 yalijulikana na kila mtu. Angewezaje kutotarajia ukweli wa mambo? Badala yake alipewa Renaldo na Clara. Alipomtafuta Bob Dylan alimkuta Ronnie Hawkins. Katika mahojiano aliyoyatoa kuitangaza filamu, Dylan alieleza kwamba inahusu utambulisho wa mtu. Maelezo hayo hayakusaidia, maana aliyeyatoa ndiye mtu yuleyule aliyekuwa akikataa kujitambulisha.

Hapa ndipo dai la Manchester linapojitokeza upya. Hadhira ya 1978 haikukataa kugawanywa kwa Dylan kama wazo la kisanaa. Ilikataa kugawanywa huko kufanywe na Dylan mwenyewe, wakati ambapo iliamini anadaiwa maelezo. Kinyago kilichovaliwa na mtu unayemdai huonekana kama hila ya kukwepa deni.

Filamu haikupata toleo rasmi la video. Ilioneshwa na kituo cha Channel 4 cha Uingereza, na kanda zilizorekodiwa kutoka kwenye matangazo hayo zikawa ndizo nakala walizopeana mashabiki. Kwa njia hiyo hadhira yake ilijichuja. Aliyeitazama katika miaka ya 1980 au 1990 alikuwa ni mtu aliyekwisha kuitafuta kwa bidii, na mtu wa namna hiyo hatoki ukumbini katikati.

Mafunzo ya Haynes

Todd Haynes alikuja kwa Dylan akiwa na uzoefu wake mwenyewe wa filamu kuhusu wanamuziki. Mwaka 1987 alitengeneza Superstar, filamu fupi kuhusu Karen Carpenter, mwimbaji aliyefariki mwaka 1983 kutokana na madhara ya maradhi ya kujinyima chakula. Wahusika wake walikuwa wanasesere wa Barbie. Watazamaji walioingia wakicheka walijikuta wamenyamaza kadiri mwanasesere alivyozidi kuchongwa na kukondeshwa. Kaka wa marehemu, Richard Carpenter, alichukua hatua za kisheria kwa kuwa nyimbo zilitumiwa bila kibali, na kufikia 1990 filamu ikaondolewa hadharani. Mwaka 1998 Haynes alitoa Velvet Goldmine, iliyomzunguka mhusika anayefanana na David Bowie. Bowie alikataa nyimbo zake zitumike. Mambo mawili yalikuwa yamethibitika. Kwanza, mtazamaji anaweza kuhuzunika kwa ajili ya mwanamuziki ambaye uso wake haumo kabisa kwenye picha. Pili, bila kibali cha nyimbo jengo lote husimama juu ya mchanga.

Ndiyo maana hatua ya mwaka 2000 ilikuwa na uzito. Haynes aliandika maelezo ya ukurasa mmoja yakaanzia kwa watu wa karibu na Dylan hadi yakamfikia mwenyewe. Alishauriwa asitumie maneno ya kumtukuza kama msemaji wa kizazi. Dylan aliridhia nyimbo zitumike, kisha hakujihusisha na utengenezaji. Kwa tendo hilo moja nafasi za 1978 ziligeuka. Aliyevaa vinyago hakuwa tena mdaiwa. Alikuwa mtu wa tatu, naye alikuja upande wa watazamaji, akiwa shabiki mwenye santuri zilezile walizokuwa nazo wao.

Hadhira nayo ilikuwa imesomeshwa. Mwaka 2004 Dylan alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, Chronicles: Volume One, kilichosomwa na watu wengi ambao hawakuwa wamenunua albamu yake kwa miaka. Septemba 2005 televisheni ya umma ya Marekani ilionesha No Direction Home ya Martin Scorsese, iliyosimulia maisha yake hadi 1966 kwa mpangilio rahisi kufuata, ikiwa na picha za Newport, mikutano na waandishi wa habari, na vijana wa Kiingereza wakitoka ukumbini kwa hasira. Dont Look Back ilipatikana kwenye diski madukani. Kwa maneno mengine, miaka miwili kabla ya Haynes kuivunja hadithi vipande vipande, Scorsese alikuwa ameisimulia nzima. Mtazamaji wa 1978 hakuwa na msaada wa namna hiyo. Alipewa vipande kabla ya kupewa chombo.

Jinsi Filamu ya 2007 Ilivyopokewa

Katika I'm Not There kila mwigizaji ana jina lake na mtindo wake wa picha. Marcus Carl Franklin ni mtoto anayejiita Woody Guthrie na kudandia treni za mizigo mwaka 1959 akisimulia maisha ambayo hakuyaishi, kama Dylan kijana alivyowahadaa waandishi kwa hadithi za kulelewa na wasafiri wa maonesho ilhali alikulia katika nyumba ya mfanyabiashara mjini Hibbing, Minnesota. Ben Whishaw anajibu maswali ya mahakama isiyoonekana. Christian Bale ni mwimbaji wa harakati ambaye baadaye anakuwa mchungaji. Heath Ledger ni mwigizaji wa sinema ambaye ndoa yake inavunjika. Cate Blanchett ni Jude Quinn, nyota wa 1966, katika picha nyeusi na nyeupe zinazokumbusha 8½ ya Fellini. Richard Gere ni Billy, mzee aliyejificha katika mji uitwao Riddle.

Wahakiki wengi wakubwa wa Marekani waliisifu. Lakini sifa hizo ukizisoma kwa pamoja unaona zimelundikana mahali pamoja, kwa Blanchett. Haynes alieleza kwamba alimtaka mwanamke kwa sehemu ile kwa sababu ugeni wa Dylan wa 1966, mwili wake mwembamba, nywele na mikono isiyotulia, ulikuwa umezoeleka mno kwenye mabango hata haumshtui mtu tena. Azma yake ilikuwa kuurudisha mshtuko. Kilichotokea ni kinyume kwa kiasi fulani. Watazamaji walistarehe zaidi na Jude kuliko na wahusika wengine wote, kwa kuwa ndiye waliyemtambua: miwani ileile, nywele zilezile, majibu yaleyale ya dharau kwa waandishi. Mwanamke akawa ndiye Dylan wa kawaida wa filamu nzima. Tuzo zikamfuata, ikiwemo Golden Globe, na akateuliwa kuwania Oscar. Ni halali kujiuliza kama hadhira hiyo iliikubali filamu isiyo ya kaida, au iliikubali saa moja ya wasifu wa kawaida uliokuwa ndani yake.

Upande wa pili wa ushahidi ni sehemu ya Billy, ambayo karibu kila aliyeisema vibaya filamu alianzia kwake, na wengi walioipenda waliiombea radhi. Lawama zilisema ni ya polepole, haieleweki, na haina uhusiano na Dylan. Uhusiano upo, tena si mdogo. Mwaka 1973 Dylan aliigiza katika filamu ya Sam Peckinpah kuhusu Billy the Kid, ambamo Billy alikuwa Kris Kristofferson. Sauti ya msimulizi wa I'm Not There ni ya Kristofferson huyohuyo. Watu wa Riddle wamevaa mavazi ya ajabu, na katika mazishi ya msichana wa mji huo anaimba mwanamuziki Jim James akiwa amepaka uso rangi nyeupe. Uso huo unatoka moja kwa moja kwenye Rolling Thunder Revue. Hivyo basi sehemu iliyokataliwa mwaka 2007 ndiyo hasa sehemu inayoirithi Renaldo and Clara. Hapo Haynes alivuka mpaka wa mambo ambayo No Direction Home ilikuwa imewafundisha watazamaji, maana dokumentari ile iliishia 1966, na mara moja sauti za 1978 zikasikika tena, kwa karibu maneno yaleyale: ndefu, haina uzi, inajifurahisha yenyewe.

Ulinganisho huu unaidhoofisha hoja kwamba ladha ya watazamaji ilikomaa. Hadhira iliyofuata kwa urahisi ruka ya kutoka kwa mtoto mweusi hadi kwa mwanamke wa Kiaustralia ilishindwa kumfuata mzee mmoja juu ya farasi. Ugumu wa mbinu ulikuwa uleule. Kilichopungua ni ujuzi uliohitajika.

Filamu yenyewe inaonekana kuwa ilitarajia ugomvi. Katika tukio linalolingana na Newport, Jude na bendi yake wanafungua makasha ya vyombo, wanatoa bunduki za rashasha na kuwamiminia risasi watazamaji. Kisha mashabiki waliovunjika moyo wanahojiwa mbele ya kamera mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyeketi ukumbini mwaka 2007 aliwatazama watazamaji wa 1965 wakilalamika, akawacheka, maana historia ilikuwa imekwisha kuwahukumu kuwa walikosea. Kicheko hicho kilikuwa mtego mzuri. Ni vigumu kwa mtu aliyekwisha kumcheka mzomeaji wa Newport kusimama nusu saa baadaye na kutoka ukumbini kwa sababu Billy anamchosha. Inawezekana hili ndilo lililowafanya wahakiki wengi waichukue sehemu ya Billy kwa maneno ya pole badala ya hasira.

Nje ya mduara huo hali ilikuwa tofauti. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 20 iliingiza zaidi kidogo ya dola milioni 4 katika majumba ya sinema ya Marekani na Kanada, na jumla ya dunia nzima haikufika milioni 12. Tarakimu hizi ndizo sauti pekee ya watu wasioandika. Zinasema kwamba mtu asiyemjua Dylan hakuona sababu ya kuingia, au aliingia na hakumhimiza jirani yake. Kifo cha Heath Ledger tarehe 22 Januari 2008, wakati filamu ikiwa bado inazunguka, kiliwavuta baadhi ya watu kwa sababu isiyohusiana na Dylan. Kwao ilikuwa filamu ya Ledger. Mtu aliyeingia kwa mlango huo aliiona filamu nyingine kabisa: ndoa, talaka, watoto, na vita vya Vietnam vikiisha kwenye televisheni. Yeye hakusumbuliwa na swali la nani ni nani.

Dylan mwenyewe, alipoulizwa mwaka 2012 na jarida la Rolling Stone, alizungumza vizuri juu ya filamu hiyo na kusema kwamba mwongozaji alitaka kuitengeneza bila kujali kama watu wataielewa. Kutoka kwa mtu aliyekata saa mbili za filamu yake mwaka 1978 ili watu waielewe, kauli hiyo ina uchungu kidogo ndani yake.

Mikanda ya 1975 Yarejea

Juni 2019 Netflix ilitoa filamu ya Scorsese kuhusu Rolling Thunder Revue, iliyojengwa kwa mikanda ileile iliyopigwa kwa ajili ya Renaldo and Clara. Picha zilisafishwa, nyimbo ziliachwa zifike mwisho, na watazamaji walioziona kwa mara ya kwanza walizipenda mno. Lakini Scorsese aliingiza humo watu wa kubuni bila kuwatangaza. Mtu aliyetambulishwa kama mpiga picha wa Kizungu kutoka Ulaya aliyepiga mikanda hiyo alikuwa mwigizaji. Mwigizaji Sharon Stone alisimulia jinsi alivyojiunga na ziara hiyo akiwa msichana, jambo ambalo halikutokea. Mbunge aliyehojiwa alikuwa mhusika wa tamthilia ya zamani ya televisheni, akiigizwa na mwigizaji wake yuleyule.

Safari hii hakuna aliyelalamikia urefu wala ukosefu wa uzi. Malalamiko yalihusu uongo. Baadhi ya watazamaji walicheka na kusema mbinu hiyo inamfaa Dylan; wengine walihisi wamefanywa wajinga, hasa kwa kuwa filamu iliuzwa kwa umbo la dokumentari. Orodha za nani ni wa kweli na nani ni wa kubuni zilichapishwa magazetini ndani ya siku chache, na watu wakarudi kuitazama wakiwa na orodha mkononi. Rangi nyeupe usoni mwa Dylan, iliyokuwa fumbo lisilo na jibu mwaka 1978, nayo ilipewa maelezo ndani ya filamu, kwamba wazo lilitokana na bendi ya Kiss. Na maelezo hayo yalikuwa sehemu ya yale yaliyobuniwa.